Kabla Hujalipa Kodi ya Miezi Sita: Maswali Kuhusu Umeme, Maji na Joto la Nyumba

Maswali haya nimekuwa nikiulizwa na wapangaji, na mara nyingine na wenye nyumba, kwa miaka yote niliyofanya kazi ya kufunga umeme na mabomba Dar es Salaam. Mengi huja kwa simu, usiku, baada ya kitu kuungua au mtoto kurushwa na umeme. Natamani yangekuja mapema: siku ile unapoonyeshwa chumba na dalali, hela ikiwa bado mfukoni. Siku hiyo macho ya watu huenda kwenye marumaru, jipsamu na rangi. Vinavyoua havionekani hapo. Ni waya wa ethi ulioishia hewani, breka kubwa kuliko waya wake, dirisha lisilofunguka. Kwa hiyo kila ninapoweza nitakuonyesha kitu cha kujaribu mwenyewe, ukiwa umesimama mlangoni.

Je, kuna sheria inayomtaka mwenye nyumba anipe nyumba salama, au ni hisani yake tu?

Ipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara, kifungu cha 88, inataja ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa amezitoa hata kama mkataba wenu haukuziandika. Mojawapo ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kinafaa kukaliwa na binadamu siku upangaji unapoanza, na kitaendelea kufaa kwa muda wote wa upangaji. Nyingine inamhusu anayepangisha sehemu tu ya jengo: paa, kuta kubwa, njia kuu za maji taka na vitu vinavyotumiwa na wote ni juu yake kuvitunza. Kenya nao wana masharti ya namna hiyo kwenye Sheria yao ya Ardhi ya 2012.

Shida ni kwamba maneno "kufaa kukaliwa" hayaji na mtu wa kukagua. Kule England, tangu mwaka 2020, nyaya za nyumba ya kupangisha lazima zipimwe na mtaalamu angalau kila baada ya miaka 5. Vifaa vya gesi navyo hukaguliwa kila miezi 12. Kwetu, kwa kawaida, nyaya hutazamwa siku ya kuunganishiwa umeme. Baada ya hapo hakuna anayezigusa mpaka kitu kiungue. Mkaguzi umebaki wewe.

Nikiingia kuangalia nyumba, nianze na nini upande wa umeme?

Anza na mein swichi na boksi la breka. Omba lifunguliwe kifuniko cha mbele, kile kidogo cha plastiki, na utazame tu bila kugusa. Unatafuta mambo matatu. Kwanza, je, kuna RCD? Ni breka inayokata umeme unapovuja, ile pana kuliko nyingine, yenye kitufe kilichoandikwa T au TEST. Pili, je, kuna nafasi zilizo wazi ambako kidole cha mtoto kinaweza kupenya? Tatu, je, plastiki imebadilika rangi ikawa ya kahawia, au imeyeyuka kidogo pembeni? Hapo pana waya uliolegea na unachemka.

Kisha bonyeza kile kitufe cha T. Umeme wa nyumba ukatike papo hapo. Usipokatika, RCD hiyo imekufa, na ni kama haipo.

Mwisho, nusa. Soketi au swichi inayoungua taratibu hutoa harufu kama ya samaki aliyeharibika. Watu wengi hutafuta samaki jikoni kwa siku tatu kumbe harufu iko ukutani, nyuma ya friji.

Hiyo ethi mnayoisema kila siku ni nini hasa? Mbona vitu vinawaka bila hiyo?

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ni kweli: vitu vinawaka vizuri kabisa bila ethi. Taa itawaka, friji itagandisha, pasi itapata moto. Ethi haina kazi yoyote siku ambayo mambo yako sawa. Kazi yake ni siku moja tu, siku waya wa moto unapochubuka ndani ya friji na kugusa bodi la chuma. Ethi ikiwepo, umeme ule unapata njia ya kwenda ardhini na breka au RCD inakata. Isipokuwepo, bodi la friji linakaa na volti 230 likikusubiri ufungue mlango ukiwa peku kwenye sakafu yenye maji.

Kwa hiyo fundi anayetaka kubana gharama anajua pa kukata. Ethi haimfichui.

Kuna jambo hata baadhi ya mafundi wenzangu hawalipi uzito. Fimbo ya ethi iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu haitoshi kuifanya breka ya kawaida ikate. Chukua mfano fimbo yenye ukinzani wa omu 50. Gawa 230 kwa 50, unapata ampia 4.6. Breka ya ampia 32 haitashtuka kwa ampia 4.6, itaendelea kupeleka umeme kwenye lile bodi la friji mchana kutwa. Ndiyo maana RCD si mapambo. RCD ya milliampia 30 inakata mara inapoona hata kiasi hicho kidogo kimepotea njia badala ya kurudi kilikotoka, na inafanya hivyo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ethi na RCD huenda pamoja.

Kuangalia: zunguka nje ya nyumba, utafute fimbo ya shaba iliyoingia ardhini karibu na mita, kwa kawaida ikiwa ndani ya kishimo kidogo chenye mfuniko. Waya wake, wa kijani na njano, uwe umebanwa na klampu ngumu. Ukiuvuta kidogo ukacheza, au ukaukuta umekatwa kwa sababu shaba ina soko kwa wauza vyuma chakavu, nyumba hiyo haina ethi. Kipimo cha kweli hufanywa na fundi mwenye mashine ya kupima ethi. Testa ya bisibisi haipimi hilo.

Nikigusa koki ya bafuni napata ganzi kidogo. Mwenye nyumba anasema ni baridi.

Si baridi. Toka bafuni, zima mein swichi, na asioge mtu humo mpaka fundi aje.

Mwaka juzi niliitwa Tabata kwa malalamiko hayohayo. Mama alisema, "Fundi, koki inanitekenya." Walikuwa wamezoea; walioga na ndala za plastiki wakaona yamekwisha. Nilipofungua shawa ya umeme nikakuta nyaya tatu zimeingia vizuri kutoka ukutani: nyekundu imefungwa, nyeusi imefungwa, na ya kijani imekunjwa mara mbili, ikavikwa selotepu nyeusi na kusukumwa nyuma ya shawa. Upande wa pili, kwenye boksi la breka, ile ya kijani haikufika kabisa. Iliishia juu ya dari. RCD haikuwepo.

Shawa nyingi za bei nafuu zina koili iliyo wazi, imelowa kwenye maji yenyewe. Umeme kidogo huvuja kwenye yale maji kila unapooga. Ndivyo zilivyotengenezwa, na ndiyo maana waya wa ethi wa shawa ni lazima: unaukamata ule umeme kabla maji hayajafika kichwani. Shawa ya namna hiyo isiyo na ethi inautuma kwenye maji, na maji yako juu yako. Yule mama alikuwa na mtoto wa miaka minne. Ndala za mtoto zilikuwa hazijanunuliwa.

Fundi anasema shawa inaweza kuchukua umeme kwenye waya wa taa. Ni kweli?

Hapana. Hesabu yake ni rahisi. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampia 24. Waya wa taa ni wa milimita 1.5 na breka yake ni ya ampia 6 au 10. Ukiwasha shawa, breka itaruka, na inatakiwa iruke. Hapo ndipo fundi mbovu hutoa breka ya 10 na kuweka ya 32, akapokea pesa yake na kwenda zake. Shawa inawaka. Juu ya dari waya unachemka, ganda lake linalainika, na chini ya mabati ya saa nane mchana hakuna upepo wa kuupoza.

Breka inalinda waya, haikulindi wewe wala haimlindi mtengenezaji wa shawa. Breka kubwa kuliko waya ni sawa na kutokuwa na breka. Kwa nyumba za kawaida: taa milimita 1.5 na breka ya 6 au 10. Soketi milimita 2.5 na breka ya 20. Shawa na jiko la umeme milimita 6 na breka ya 32, kila kimoja na njia yake kutoka kwenye boksi. Swichi ya shawa iwe nje ya mlango wa bafu, iwe ile kubwa inayokata nyaya zote mbili, na ndani ya bafu pasiwe na soketi.

Angalia pia waya wenyewe. Ununuliwe ukiwa na alama ya TBS, shirika la viwango. Kuna nyaya za alminiamu zilizopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona ndani ni nyeupe, rudisha dukani.

Breka inaruka kila siku. Nifunge kijiti isiruke?

Usithubutu. Chomoa vitu vyote, irudishe, kisha chomeka kimoja kimoja. Kitakachoiangusha ndicho kibovu. Ikiruka hata vyote vikiwa vimechomolewa, shoti iko kwenye nyaya za ukutani.

Chaja yangu ina pini mbili. Ni vibaya kufungua soketi kwa kalamu?

Tundu la juu la soketi zetu, lile la ethi, ndilo ufunguo. Pini ndefu ya plagi inapoingia hapo inasukuma vile vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini. Viliwekwa ili mtoto akichomeka msumari au waya wa sidiria usifike kwenye moto. Ukizoea kufungua kwa kalamu au kijiti cha kiberiti mbele ya mtoto wa miaka mitatu, umemfundisha kazi. Na pini mbili nyembamba hazikamati vizuri; zinatoa cheche, soketi inaungua kutoka ndani. Adapta nzuri ni bei ya soda chache.

Ekstensheni moja inaweza kubeba vitu vingapi?

Usihesabu vitu, hesabu wati. Plagi yake ina fyuzi ya ampia 13, yaani karibu wati 3,000 kwa jumla, na hiyo ni kama waya wake ni mnene kweli. Birika la umeme peke yake linakula 2,000. TV, king'amuzi, chaja na feni havina tatizo. Birika, pasi, hita na friji viende ukutani moja kwa moja. Na usiifunike na zulia.

LUKU inaisha haraka na nyumbani hatuna kitu kikubwa. Kuna namna ya kujua umeme unaenda wapi?

Ndiyo, na haihitaji fundi. Chomoa kila kitu, zima taa zote, lakini acha breka zikiwa juu. Nenda kwenye mita utazame ile taa nyekundu inayopepesa. Ikitulia, nyaya zako ni nzima na mlaji ni kifaa fulani. Ikiendelea kupepesa, zima mein swichi. Ikitulia sasa, ama umeme unavuja kwenye ukuta wenye unyevu, ama kuna chumba cha jirani kimeunganishwa kwenye LUKU yako. Yote mawili nimeyakuta, na mara moja niliyakuta kwenye nyumba moja.

Nyumba za vyumba sita mnaochangia LUKU moja zina hatari yake: waya mkuu uliwekwa enzi za taa na redio, leo kila chumba kina friji na pasi. Ushike ukuta ulio karibu na boksi la breka saa mbili usiku. Ukiwa na joto, mwambie mwenye nyumba siku hiyohiyo.

Taa zinafifia, halafu ghafla zinawaka kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ni mgao?

Mgao hauongezi mwanga. Taa kuzidi ukali maana yake waya wa nyutro umelegea au umekatika mahali, labda kwenye nguzo, na volti zinaweza kupanda kuelekea 400. Zima mein swichi sasa hivi, chomoa friji na TV, kisha piga simu TANESCO. Mtaa mzima unaweza kuunguliwa na vitu ndani ya dakika chache, na anayesalimika ni yule aliyekimbia kuzima.

Nitamjuaje fundi wa kweli na kishoka?

Muulize leseni. Kazi ya kufunga umeme inahitaji leseni yenye madaraja kutoka EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na fundi aliyenayo haoni aibu kuitoa. Anayekuja na bisibisi na koleo tu, asiye na mita wala mashine ya kupimia, anakwenda kwa kukisia. Na anayekuambia anaweza "kukurukia" mita akupe umeme wa bure, mfukuze. Mbali na kesi ya wizi, waya uliorukwa mita hauna kitu cha kuukata.

Mtu amenaswa na umeme. Nifanye nini?

Usimguse. Zima mein swichi kwanza. Kama iko mbali, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Akiwa hapumui, mbonyeze kifuani kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri. Hata akisimama akasema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwa sababu mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.

Anayechemsha maji kwa hita ya ndoo achomoe ukutani kwanza, ndipo atie mkono kupima joto. Wengi hunaswa hapo.

Maji yakirudi baada ya mgao huwa machafu. Ni salama?

Yaache yatoke kwanza mpaka yang'ae. Bomba likiwa na maji yenye nguvu, kwenye ufa maji hutoka nje. Bomba likiwa tupu mambo yanageuka: linanyonya, na kama ufa uko ndani ya mtaro, linanyonya mtaro. Mpira ulioachwa ndani ya beseni la nguo nao unanyonywa vivyo hivyo, kwa hiyo utoe kila unapomaliza.

Hapa nina ombi kwa wenye nyumba. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka inafanya unyonyaji huo kwa nguvu ya mota. Inawakausha majirani na inavuta uchafu wa mtaa mzima kuja kwenye glasi za watoto wako mwenyewe. Weka tanki la chini lijae kwa nguvu ya maji yenyewe, kisha pampu ivute kutoka humo kupeleka juu. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 hakikuchagua wenye pampu.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakiwa meupe.

Simtanki la juu linahitaji uangalizi gani?

Kwanza chini yake. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Nimeona tani moja juu ya mbao nne zilizoliwa na mchwa, na chini yake ndipo watoto wanapochezea kivuli. Stendi iwe ya zege au chuma kisicho na kutu.

Kisha mfuniko. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji safi yaliyohifadhiwa, si kwenye matope, na Dar imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mfuniko ubane, bomba la kumwagia ziada livikwe wavu, tanki lioshwe mara mbili kwa mwaka.

Bafu linanuka japo tunaliosha kila siku.

Chungulia chini ya sinki. Bomba linatakiwa lipinde kama herufi U na kubaki na maji kama sentimita 5. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya shimo na mende. Fundi akichomeka mpira ulionyooka mpaka kwenye tundu la ukuta, ameuondoa mlango. Tundu la sakafuni lisilotumika nalo hukauka. Limwagie maji kikombe kimoja kila wiki.

Ikiwa choo kinaziba kila mwezi, tatizo ni mteremko. Bomba la inchi 4 lishuke karibu sentimita 2 kwa kila mita. Likiwa tambarare, maji hupita na mzigo hubaki. Na bomba la kupumulia la shimo lipande mpaka juu ya paa, lisiishie dirishani kwa mtu.

Kisima kiwe mbali kiasi gani na shimo la choo?

Mita 30 au zaidi, na kisiwe upande wa bondeni. Kwenye viwanja vyetu vya kubanana hilo mara nyingi haliwezekani, kwa hiyo maji ya kisima hicho yawe ya kufulia na kudeki.

Kutapisha choo wakati wa masika, eti mvua itabeba, ni kumtumia jirani wa chini ugonjwa. Iteni gari la majitaka, mchangie. Na mtu yeyote asishuke shimoni kuokota kitu au kuzibua. Hewa ya humo inaangusha mtu kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Huku kwetu Njombe Juni na Julai ni barafu asubuhi. Tunaweza kulala na jiko la mkaa kama dirisha liko wazi kidogo?

Hapana, ndugu yangu. Hapana kabisa, na naomba unisikilize kwa nini.

Watu wa baridi, iwe Makete, Lushoto au Limuru, wanaujua moshi na wanauogopa. Kwa hiyo huliwasha jiko nje, wakangoja moshi ukatike na mkaa uwe mwekundu, ndipo wakaliingiza ndani wakidhani sasa limekuwa salama. Lakini mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na hewa hiyo haina rangi wala harufu. Haikuwashi macho. Haikukohozi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikakaa kwenye nafasi ya oksijeni. Unapata kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuwa mizito. Aliyelala hapati hata hayo, anazidi kulala. Asubuhi jirani anavunja mlango.

Dirisha lililofunguliwa kidogo si kipimo, kwa sababu usiku mtu hulifunga akisikia baridi. Kanuni ni moja: jiko la mkaa, la kuni au jenereta havilali chumba kimoja na mtu, wala kwenye korido ya chumba hicho. Oteni moto jikoni mkiwa macho, mlango wazi, kisha acheni jiko nje mwende kulala. Kitandani tumia chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, ziba nyufa za mlango kwa nguo, tandika blanketi moja chini ya shuka. Hita ya umeme ichomekwe ukutani, si kwenye ekstensheni, na ikae mita moja mbali na pazia na chandarua.

Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, mtoe nje kwanza kabla ya jambo lolote, kisha hospitali akapewe oksijeni. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja na kupata nafuu wakitoka nje, hiyo si malaria.

Na hita kubwa ya maji ya moto, ile ya tanki?

Iweke nyuzi 60 ili bakteria wasizaliane, lakini kumbuka maji ya nyuzi 60 humbabua mtoto kwa sekunde chache: anza kufungua koki ya baridi. Valvu yake ya kupunguza shinikizo hudondosha matone mara kwa mara. Usiizibe. Tanki lililozibwa valvu linaweza kupasuka kama bomu.

Gesi ikae wapi, na nikisikia harufu?

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hailipandi dirisha, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda, kwenye tundu la maji, kwenye ngazi za chini. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa inayopita chini, na ule wa kilo 15 ukae nje ikiwezekana. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regileta na mpira. Mapovu yakikua, pana uvujaji. Kamwe usipime kwa kiberiti. Mpira una tarehe iliyochapwa, ukiona nyufa au tarehe imepita ubadilishe.

Ukisikia harufu: funga mtungi, fungua milango, toa watu. Usiwashe taa wala kuizima, kwa sababu swichi hutoa cheche pande zote mbili.

Nondo za madirisha zinatulinda na wezi. Je, na moto?

Angalau dirisha moja la kila chumba cha kulala, au mlango wa pili, ufunguke kutoka ndani. Ufunguo wa geti la ndani uning'inie mahali pamoja ambapo hata mtoto wa miaka saba anapajua gizani. Kengele ya moshi ya betri ifungwe darini kwenye korido. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Zima mein swichi, tumia kizima moto cha unga mkavu au mchanga. Zimamoto ni 114.

Mwenye nyumba nimemwambia mara tatu, anasema wengine wameishi humu miaka kumi.

Andika. Ujumbe wa simu wenye tarehe na picha unatosha kuanzia: taja kifaa, taja hatari, omba siku ya kutengeneza. Kwa lugha ya heshima: "Shikamoo baba, shawa ya bafuni inapiga umeme, naomba fundi aje kabla ya Jumamosi." Akikaa kimya, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi, na likishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukitaka kutengeneza mwenyewe ukate kwenye kodi, pata kwanza kibali chake kwa maandishi na utunze risiti.

Kama hujalipa bado, una nguvu ambayo hutaipata tena. Sema: "Nyumba nimeipenda, nalipa fundi akishaweka RCD na ethi." Wenye nyumba wengi hukubali siku hiyo.

Mimi ni mwenye nyumba, mjane, vyumba vinne, hela ni kidogo. Nianze na kipi?

Mama, shikamoo. Anza na RCD na fimbo ya ethi, fundi mwenye leseni anazimaliza kwa siku moja. Pili, ng'oa shawa yoyote ya umeme isiyo na waya wa kijani uliofungwa pande zote mbili. Wapangaji wataoga maji ya ndoo mpaka utakapopata nafasi ya kuirudisha vizuri. Tatu, fungua dirisha moja la nondo kila chumba kwa bawaba na komeo la ndani, kazi ya fundi wa kuchomelea. Nne, stendi ya tanki. Rangi ya nje na geti jipya viingie kwenye kodi ya mwaka kesho.